Kanisa la Kilutheri hapa Kisumu: mahali mdogo wangu kiziwi alipewa ufunguo

Wiki hii watu watatu wameniuliza kama najua kanisa lenye lugha ya ishara hapa Kisumu, sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake wacha niandike yote mara moja, mazuri na mabaya. Mimi nasali na Walutheri tangu mwaka juzi. Ni kanisa dogo la mabati, ukitoka Kondele unapanda tuktuk dakika kama kumi hivi, halafu unatembea kidogo kwa barabara ya vumbi. Jina sitaandika hapa, kuna watu wamepata utulivu wao pale na mbele utaona kwa nini nauchunga. Ukilitaka niandikie inboksi, nitakuelekeza hadi mlangoni.

Tulifika huko kwa sababu ya mdogo wangu. Alizaliwa akisikia vizuri tu, akiwa na miaka 4 akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona lakini masikio yakaenda. Kanisa tulilokuwa tunasali zamani, na hilo nalo sitalitaja, kila Jumapili walikuwa wanamuita mbele. Wanamshika kichwa, wanamtia mafuta masikioni, mtu mzima anampigia kelele kwa sikio "funguka!" na kanisa lote linangoja kuona. Fikiria wewe ni mtoto wa miaka kumi na mbili na kila wiki unarudi kiti chako ukiwa umewaangusha watu mia mbili. Miaka sita tulifanya hivyo. Mwisho wakasema lazima kuna dhambi kwa nyumba yetu inayozuia, mama akalia njia nzima mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo mdogo wangu akakataa kuvaa nguo za kanisa. Akakaa karibu miaka mitano bila kukanyaga kanisa lolote na mimi sikumlazimisha.

Sasa huku kwa Walutheri tulialikwa na jirani. Jumapili ya kwanza nilikaa nikiwa nimejishika kabisa, nangoja tuitwe mbele. Hatukuitwa! Wakati wa wageni mzee mmoja wa kanisa alikuja mpaka benchi letu, akamsalimia mdogo wangu kwa mikono, na alikosea ile ishara, akaona amekosea, akacheka, akamuomba amuonyeshe vizuri. Mdogo wangu akamshika vidole mzee wa watu akamrekebisha hapo hapo. Ndiyo mara ya kwanza nilimuona akimfundisha mtu kitu ndani ya kanisa.

Kwa wale hamjawahi kuingia kwa Walutheri, si kanisa la kurukaruka. Ibada ina mpangilio wake na haubadiliki sana, kuna kuungama dhambi mwanzoni, Bwana utuhurumie, masomo, mahubiri, imani ya mitume, maombi, halafu Meza ya Bwana. Mchungaji anavaa kanzu nyeupe na stola ya rangi ya majira, zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyekundu Pentekoste. Mwanzo niliona inachosha kusema kweli, nimezoea moto moto. Lakini kumbe huo mpangilio ndio uliomsaidia mdogo wangu, maana kufika Jumapili ya tatu alikuwa ashajua sasa tunasimama, sasa tunapiga magoti, sasa ni masomo, na kitabu cha ibada kiko mkononi anafuata na kidole. Kule kwingine kila kitu kilikuwa kinategemea mtu amesikia nini kwa maikrofoni na amepandwa na roho saa ngapi, kiziwi ataingilia wapi hapo?

Mkalimani ni dada mmoja mwalimu, anasimama karibu kabisa na mchungaji, si pembeni nyuma ya spika kama nilivyoona kwingine. Viziwi wanaweza kufika ishirini siku nzuri na hawana benchi lao, wamekaa na familia zao na marafiki. Watu wengine hushangaa wanatoka wapi wote hao, lakini magharibi huku ndiko shule za viziwi zilianzia, Nyang'oma na Mumias zilifunguliwa 1961, kwa hivyo tuna viziwi wengi waliosoma na wanajua wanachotaka. Na Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina, hata Bungeni ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Makanisa mengi ni kama hiyo habari haijawafikia.

Sasa Meza ya Bwana, hapa nitakaa kidogo. Mnapiga magoti mstari mmoja mbele ya madhabahu, mchungaji anapita na sahani ya mikate, kila mtu anaambiwa mwili wa Kristo uliotolewa kwa ajili yako. Akifika kwa mdogo wangu anasimama. Anampa mzee wa kanisa ile sahani ashike, ili mikono yake yote miwili iwe huru. Halafu anamwambia kwa ishara, polepole, mwili, halafu Yesu, ile ishara ya kidole cha kati kugusa kiganja huku na kugusa kiganja kule mahali pa misumari, halafu anamuelekezea kifuani, wewe. Ndipo anachukua tena sahani na kumpa mkate. Mstari wote unangoja. Nyanya aliye kando yake, tunamuita dani, magoti yanamuuma lakini anangoja tu ametulia. Huyo mchungaji angeweza kumuachia mkalimani hiyo kazi ingekwenda haraka, lakini alijifunza mwenyewe maneno hayo ya mezani ayaseme kwa mikono yake. Mdogo wangu siku ya kwanza kuambiwa hivyo alirudi kwa benchi akakaa akiangalia viganja vyake mpaka wimbo ukaisha.

Kwa darasa la kipaimara nilimuuliza mchungaji kama hiyo ni kitu yake mwenyewe ama ni ya Walutheri. Akatuambia swali hilo Martin Luther mwenyewe, yule Walutheri wametokana naye, aliulizwa, na kwenye maandishi yake ya 1520 kuhusu misa alisema kiziwi akionyesha kwa ishara kwamba anataka sakramenti asinyimwe, kazi ya Roho Mtakatifu aachiwe Roho Mtakatifu. 1520! Hiyo ni miaka tisa kabla ya Katekisimu Ndogo, kile kitabu chake cha mafundisho tunachosoma. Nilikuwa najua tu ile ya hoja 95 za 1517, hii hakuna mtu aliwahi kuniambia, na nikafikiria ile miaka sita ya mafuta kwa masikio.

Kuna Jumapili moja ya Aprili mvua ilianza katikati ya mahubiri. Mnajua mvua ya Kisumu na mabati. Stima ikapotea, maikrofoni ikazima, mchungaji akaendelea kuhubiri lakini kutoka benchi la pili kurudi nyuma hakuna aliyesikia hata neno. Mkalimani yuko pale karibu na yeye anasikia, mikono inaendelea. Basi viziwi wakawa ndio peke yao wanaopata mahubiri. Mdogo wangu akageuka akaanza kuniandikia kwa simu anachosema mchungaji, nikamsomea mama kwa sikio, mama akamwambia wa nyuma yake, na nikiangalia kando naona hata kule watoto wa viziwi wanawaambia wengine. Mahubiri ya siku hiyo yalikuwa ya mtu aliyeshushwa kutoka darini na marafiki zake wanne. Nayakumbuka kuliko mahubiri yoyote maishani mwangu.

Na ufunguo sasa. Tulikuwa tumekaa kama miezi mitano, baraza la wazee likatafuta mtu wa kufungua kanisa Jumapili asubuhi na kupanga viti, yule wa kwanza alikuwa amehamia Nakuru. Wakamchagua mdogo wangu. Hawakuniuliza mimi, hawakumuuliza mama kama ataweza, walimuuliza mwenyewe, na mkalimani akiwepo. Nataka watu wa makanisa mengine wanisikie hapa. Karibu kila mahali nilipopita wanakaribisha walemavu, wana siku yao maalum, wanawapa unga na sabuni na kupiga picha. Lakini kazi hawawapi. Hapa kuna mama wa kiti cha magurudumu anasoma waraka kila mwezi, kuna mzee kiziwi anahesabu sadaka na wenzake, kuna kijana asiyeona yuko kwaya ya sauti ya nne na sauti hiyo bana, wacha tu. Hakuna anayewaombea wapone ndio waanze kutumika.

Mimi mwenyewe nina mtoto na sijaolewa. Kule tulikotoka niliambiwa mtoto atabatizwa siku ya katikati ya wiki, kwa chumba cha kando, bila watu. Huku alibatizwa Jumapili, kwenye beseni la mbele, na usharika wote ukasimama kuahidi kumlea. Dani ndiye alimshika. "Nyathina," akamwambia, yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, na akamfuta maji na leso yake mwenyewe. Nitaishia hapo kwa hilo maana nikiendelea nitalia.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawataki niandike. Kuna kijana pale alifukuzwa kwao baada ya familia kujua anapenda wanaume. Walutheri wenyewe duniani hawakubaliani kwa hili, wale wakubwa wa Marekani, ELCA, walifungua mlango wa wachungaji wa aina hiyo 2009, na Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri la Ethiopia, ikakata uhusiano nao 2013. Sheria ya Kenya inajulikana, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinachokataza mapenzi hayo bado kipo na Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Na kanisa letu halifungishi ndoa hizo, sitaki mtu aje akidhani ni hivyo. Lakini watu wawili walipotaka huyo kijana atolewe mahali anapokaa pale kanisani, mchungaji alikataa mbele ya baraza, akasema meza si yake yeye, ni ya Bwana, na hatamuondoa mtu kwenye meza isiyo yake. Hao wawili wakahama. Kijana yuko. Mama mmoja muuza samaki alimpa chumba cha nyuma ya nyumba yake, na Jumapili wanakuja pamoja. Sijui watu mtasema nini kuhusu hili na mimi siogopi, nimeona mdogo wangu akigeuzwa maonyesho miaka sita, sitanyamaza mtu mwingine akigeuzwa hivyo.

Mabaya yapo, nayasema kwa sababu napenda mahali pale. Choo, jamani. Mlango ni mwembamba, kiti cha magurudumu hakiingii, na yule mama msomaji inabidi abebwe ama avumilie mpaka afike nyumbani. Ile njia ya mteremko ya kuingilia mlangoni nayo iliwekwa saruji kwa kukimbia, imesimama sana, bila mtu wa kusukuma huwezi. Tumechanga mara mbili na bado fundi hajaonekana. Mkalimani ni mmoja tu, akisafiri Jumapili hiyo viziwi wanabaki na kitabu na macho, na mimi nimesema kwenye mkutano kwamba kanisa lazima limlipe nauli na lisomeshe wengine wawili. Ibada inaandikwa saa tatu na nusu lakini ni saa nne kasoro, na matangazo ni marefu kuliko mahubiri. Na jambo la moyo wangu, mchungaji wa kike hatujamuona pale mbele. KKKT, Walutheri wa Tanzania, walikubali wachungaji wa kike 1990, majirani zetu hawa. Wanawake wanasoma, wanafundisha, wanabeba kikombe, na binti yangu ameniuliza mbona ile kanzu nyeupe kubwa havai mama. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa mgeni, mambo madogo madogo: njoo na viatu vya matope msimu wa mvua, watoto wana darasa lao chini ya mwembe, sadaka hata ya M-Pesa inapokelewa na hakuna mtu anaangalia umetoa ngapi. Baada ya ibada kuna chai ya maziwa na mandazi, usikimbie, ndipo mambo mengi yanafanyika na ndipo utafundishwa ishara zako za kwanza. Kwaya inaimba Kiswahili, Kijaluo na wakati mwingine Ekegusii, maana Walutheri Kenya walianzia kule Itierio, Kisii, mwaka 1948 na Waswidi, na wazee wengi hapa wametoka upande huo. Wale wanaokaa karibu na ngoma kubwa ni viziwi, wanaweka mkono kwa mbao wapate mdundo, kwa hivyo ukiwa unasikia waachie hizo nafasi.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nitaiweka siku choo kitatengenezwa, na nitarudi hapa kuirekebisha.

Sasa hivi ni Jumamosi usiku. Shati la mdogo wangu limepigwa pasi liko kwa kiti, ameseti simu imtikise saa kumi na moja na nusu alfajiri chini ya mto, na ufunguo uko pale juu ya meza, ameufunga utepe mwekundu kwa sababu kesho ni Pentekoste.