Ndoo ya msaada inayouzwa Kariakoo: chombo kizuri, hesabu haitoshi

Kamati za maafa za makanisa na misikiti hapa Dar es Salaam zinapotaka kupeleka msaada haraka, nyingi huishia Kariakoo, kwenye maduka ya jumla yanayofunga ndoo za msaada kwa oda. Ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na ndani yake kuna unga, maharage, mafuta ya kupikia, sabuni na vidonge vya kutibu maji. Blanketi, chandarua na turubai hufungwa pembeni kwa kamba. Inafaa kununua, ila isinunuliwe ilivyo. Ndoo zenyewe ni imara na mzigo unapangika vizuri kwenye fuso. Tatizo ni hesabu: vilivyomo vinaonekana vingi mfuniko ukifunguliwa, lakini ukivigawa kwa watu 5 na kwa siku 30, vile vinavyozuia magonjwa ndivyo vinavyoisha kwanza.

Tuanze na maji. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hutumia kupimia kazi yao, vinataka lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote, na kila kaya iwe na angalau vyombo 2 vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kuchotea na kingine cha kuhifadhia. Kifurushi hiki kina kimoja tu. Ndoo inayotumbukizwa mtoni asubuhi ndiyo inayokaa na maji ya kunywa jioni, na mikono ya watoto inaingia humo na vikombe. Ongeza dumu la lita 20 lenye mdomo mwembamba, la kuchotea. Dumu lililotumika si vibaya kama lilibeba mafuta ya kula na limeoshwa vizuri. Lililobeba mafuta ya taa au dawa ya shamba liache hukohuko dukani, hata ukipewa bure. Ndoo zilizobeba rangi ya kupaka nyumba, hata zikioshwa, nazo zisikaribie maji ya kunywa. Ndoo zote zikaguliwe moja moja, maana oda ikiwa kubwa hizo hupenyezwa katikati ya safu.

Ukiulizwa kama unataka ndoo yenye koki, itake. Lakini angalia tundu limetobolewa wapi. Likiwa chini kabisa, koki inatoa tope na inagonga chini ndoo ikiwekwa. Linafaa likiwa sentimita 3 hadi 5 juu ya kitako, ili uchafu unaotuama ubaki chini. Koki iwe na washa 2 (vipete vya kuzuia kuvuja), moja ndani na moja nje. Mafundi wengi huweka ya nje tu, na hapo ndipo inapovujia. Chukua ndoo chache kutoka kila safu, zijaze maji, ziache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, rudisha safu nzima kwa muuzaji kabla hujamaliza kulipa.

Vidonge ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Pakiti moja ya vidonge 10 ndiyo inayowekwa kwa kawaida. Kidonge cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji maangavu, na lita 20 kwa siku kwa watu 5 ni lita 4 kwa kila mmoja, za kunywa na kidogo cha kupikia. Kwa hiyo familia inahitaji vidonge 30 kwa mwezi. Maji yakiwa na tope kidogo huwekwa 2, kwa hiyo ni 60. Vidonge 10 kwenye maji ya mafuriko ni siku 5 tu, halafu familia inarudi kunywa maji ya mto wakati hatari ya kipindupindu bado ipo. Soma pia miligramu kwenye pakiti, kwa sababu kuna vidonge vya 33 vya lita 10 vinavyofanana kabisa na vile vya 67. Cha 33 kwenye ndoo ya lita 20 hakitoshi. Cha 67 kwenye ndoo ya lita 10 kinafanya maji yanuke kiasi kwamba watu wanayamwaga, na mtu aliyemwaga mara moja ni vigumu kumshawishi tena.

Maelezo ya pakiti mara nyingi ni ya Kiingereza. Bandika kwenye mfuniko karatasi ya Kiswahili iliyofunikwa kwa plastiki: chuja maji kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara 4, weka kidonge, funika, subiri dakika 30, usitie mkono. Harufu kidogo ya klorini, yaani dawa iliyomo kwenye kidonge, baada ya muda huo ni dalili kwamba dawa bado inafanya kazi. Klorini inayotakiwa kubaki ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kwa maji ya tope zito kama ya Rufiji wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, vidonge peke yake havifai. Hapo nunua pakiti za dawa ya unga ya kusafisha maji, za gramu 4, kila moja kwa lita 10: koroga dakika 5, acha tope litulie chini, chuja kwa kitambaa, subiri dakika 20.

Sabuni: Sphere inataka gramu 250 kwa mtu kwa mwezi za kuogea na 200 za kufulia. Familia ya watu 5 ni kilo 2 na robo. Ndoo ina vipande viwili vidogo vya kuogea. Hili ni rahisi kurekebisha kwa miche ya sabuni, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mengine yote. Ila usikubali sabuni ifungwe pamoja na unga. Siku 3 kwenye lori lililofunikwa, unga unashika harufu na ugali hauliki.

Chakula kinachowekwa ni kilo 5 za unga, kilo 2 za maharage na lita 1 ya mafuta. Kwa kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, hicho ni chakula cha siku 3 hivi kwa watu 5. Hakuna ubaya, mradi kamati isiwatangazie waumini kwamba imelisha familia mwezi mzima. Badilisha maharage uweke dengu zilizopasuliwa au choroko: maharage makavu yanataka saa nyingi jikoni, na palipopita mafuriko hakuna kuni kavu. Nyama ya kopo acha kabisa, maana Rufiji na Kibiti wengi ni Waislamu na hawataila bila uhakika wa halali.

Turubai ndilo linalodanganya macho. La bluu, jembamba, linalong'aa likikunjwa, linachanika kwenye pete za kupitishia kamba kwa upepo wa wiki ya kwanza. Njia rahisi ya kulijua ni mizani. Turubai la msaada la mita 4 kwa 6 lina uzito wa gramu 200 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo zima ni karibu kilo 5. La dukani likipimwa likaja kilo 2, ni la kufunikia bidhaa sokoni, si la kulala chini yake. Angalia pia kama lina mikanda iliyoimarishwa inayobeba matundu ya kamba. Pete ikikatika, funga kokoto ndani ya turubai kama fundo, kisha zungushia kamba shingoni mwa fundo. Inashika kuliko pete yenyewe. Kila mtu anatakiwa apate mita za mraba 3.5 za kulala, yaani 17.5 kwa familia ya watu 5, na turubai moja likikunjwa kama paa halifiki hapo. Peleka mawili, na kamba.

Blanketi na chandarua visiwe idadi moja kila mahali. Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako maporomoko ya Desemba 2023 yaliua watu na kubomoa nyumba, usiku ni baridi kali: blanketi 2 nzito kwa kila kaya ni chache. Bonde la Rufiji ni mbu, kwa hiyo ongeza vyandarua vyenye dawa. Kanga 2 ziingie kila ndoo. Zinabebea mtoto, zinasitiri, zinachujia maji. Taulo za kike za kufua zinafaa tu pale penye maji, sabuni na kamba ya kuanikia iliyofichika. Pasipo na hivyo peleka za kutupa.

Kuna kamati zinazoomba muuzaji aweke kijitabu cha dini ndani ya ndoo. Tunasema wazi: kisiwekwe. Kanuni za Maadili za mashirika ya misaada, zilizoandikwa mwaka 1994, zinakataza msaada utumike kuendeleza msimamo wa dini au siasa, na mtu aliyepoteza nyumba hana nafasi ya kukataa kijitabu bila kuogopa kukosa unga. Kwa upande wa misikiti, walengwa wakiwa mchanganyiko wa dini ni salama kununua ndoo kwa sadaka, kwa kuwa zaka ina makundi yake 8 ya wapokeaji yaliyotajwa katika Kurani.

Kama mzigo ni wa wakimbizi wa vita kutoka Kongo walioko Nyarugusu, wilayani Kasulu, usitume fuso mpaka getini. Kambi iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na vibali hupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi. Piteni kwa shirika ambalo tayari linafanya kazi na wakimbizi. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, kwa mfano, inatoa huduma hiyo nchini tangu 1964. Uliza kwanza kinachokosekana huko, kisha ndipo urudi Kariakoo na orodha yako, ukamwambie muuzaji avunje kifurushi chake na akupigie bei ya kila kitu peke yake.