Duka la Leso Lenye Bei Iliyoandikwa, Biashara Street

Miongoni mwa maduka ya leso, yaani kanga, ya Biashara Street hapa Mombasa, lipo moja ambamo kila jozi ina kikaratasi cha bei, na bei hiyo ni ile ile kwa bi harusi wa Kizingo, kwa mama aliyevuka feri kutoka Likoni na kwa mtalii aliyeshuka melini. Nalisifu kwa hilo kabla ya lingine lolote, kwa kuwa ununuzi wa starehe katika maduka makubwa ulijengwa juu ya msingi huo.

Mwaka 1852 Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché mjini Paris. Zama hizo, katika maduka mengi ya Ufaransa, aliyevuka kizingiti alitarajiwa anunue, na bei ilifuata sura yake na ufundi wake wa kupatana. Boucicaut hakuwa wa kwanza kuandika bei, lakini aliiunganisha na mengine: mtu aliingia akatazama bila kulazimika kununua, asiporidhika na alichonunua alikirudisha, na faida ndogo ya kila kipande ilifidiwa na wingi wa mauzo. Jengo jipya, lililoanza kujengwa mwaka 1869 kwa nguzo za chuma na paa la vioo, liliifanya hata kazi ya kutazama iwe anasa.

Duka letu halina fahari hiyo, na halihitaji. Muuzaji huikunjua leso mezani hadi pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (msemo ulioandikwa) vionekane pamoja, kisha humwachia mteja aisome na kuishika bila kumharakisha. Niliyoipeleka mlangoni penye jua ilikuwa nzito ya kutosha kufungwa kiunoni bila kuonyesha, na rangi zake hazikuvuka mistari.

Kasoro yake, tena kubwa, imo kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Leso ikichuja kwa maji ya kwanza, hasara ni ya mnunuzi. Anayenyimwa nafasi ya kupatana bei anastahili apewe haki ya kurudisha, kama Boucicaut alivyoiunganisha bei iliyoandikwa na haki hiyo.

Anayenunua leso za harusi na avikague vipande vyote viwili kabla ya kumpa fundi wa barazani azikate na kuzipinda, kwani mkasi ukishapita hakuna tena mjadala.