Majoka juu, majini chini: rafu ya fantasia katika duka moja la Mombasa

Msomaji wa riwaya za fantasia hana maduka mengi ya kuchagua mjini Mombasa. Mengi yanaishi kwa vitabu vya kiada, na shule zinapofunguliwa Januari ni taabu hata kuifikia kaunta kwa wingi wa wazazi walioshika orodha. Duka ninalolizungumzia, lililoko Moi Avenue, hatua chache kutoka Pembe za Ndovu, limethubutu kutenga rafu nzima kwa ajili ya fantasia, na kwa hilo pekee linastahili pongezi. Nimeikagua rafu hiyo kama msomaji wa ile fantasia ya jadi: safari ndefu, upanga wenye historia, mchawi mzee na ufalme uliopotelewa na mrithi wake.

Kwenye usawa wa macho yamepangwa majoka ya mapenzi. Ni vitabu vinene, majalada yamenakshiwa dhahabu na kingo za kurasa zimetiwa rangi, na vingi vimeandikwa na Sarah J. Maas na Rebecca Yarros, waandishi ambao wasichana wa vyuo huwajua kupitia TikTok kabla hawajakanyaga dukani. Silaumu mpangilio huo, kwa kuwa mwenye duka ana kodi ya kulipa na vitabu hivyo ndivyo vinavyotoka. Lakini ukiinama hadi safu ya chini kabisa, unamkuta J. R. R. Tolkien, ambaye juzuu zake tatu za *The Lord of the Rings* zilichapishwa kati ya 1954 na 1955, na kati yake na hao wa juu karibu hapana kitu. Miaka zaidi ya 50 ya waandishi waliofuata nyayo zake, wengine kwa ustadi na wengine kwa kunakili tu, imerukwa kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Kilichosalia cha jadi ni vipande vipande. Niliona juzuu ya pili na ya tatu ya mfululizo mmoja, ya kwanza haipo, na kila moja ina kibandiko cha shilingi 1,850. Nilipouliza, binti wa kaunta alinijibu kwa adabu, “Mama, hicho cha kwanza kiliisha kitambo, ukitaka, weka amana tukuagizie Nairobi.” Niliweka. Kitabu kilifika baada ya wiki mbili na ushei, kikiwa na jalada la toleo tofauti na zile mbili za rafuni, jambo ambalo kwa mkusanyaji ni kero, ingawa kwa msomaji wa kawaida si neno. Bei ni ya juu, ila haki isemwe: kitabu cha kuagizwa kina gharama ya usafiri, na tangu 2013 vitabu nchini Kenya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16.

Meneja anaamini kwamba fantasia ya jadi haina tena wasomaji. Sikubaliani naye. Mwaka 2022 Brandon Sanderson, anayeandika fantasia ya vita, falme na uchawi wenye kanuni, alikusanya zaidi ya dola milioni 41 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, kwa riwaya nne tu, pesa zikitoka moja kwa moja kwa wasomaji. Wasomaji wapo, walichoacha ni kupita dukani, kwa sababu mtu aliyekosa juzuu ya kwanza mara mbili tatu hujifunza kununua kwenye simu.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, haihusu vitabu vya ng’ambo. Katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, mna majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani wanaochapwa viboko kila usiku. Kama hiyo si fantasia, basi sijui ni nini. Dukani humo kitabu hicho kimewekwa nyuma ya kaunta, kati ya miongozo ya insha na karatasi za mitihani, na *Kusadikika*, yenye nchi inayoelea angani, iko papo hapo. Mtoto wa Kisauni au Likoni anayependa majoka hataviona asipotumwa na mwalimu. Vyembamba kama vilivyo, na kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya joka moja la dhahabu, vingeuzika vizuri kando ya Tolkien, navyo havihitaji kusubiriwa kutoka Nairobi.

Huduma kwa jumla ni nzuri: wahudumu wana subira, hawakufukuzi ukisoma umesimama, na malipo ya M-Pesa yanapokelewa bila nyongeza. Anayetaka mapenzi na majoka atatoka ameridhika. Mpenzi wa jadi apige simu kwanza kuuliza kama juzuu ya kwanza ipo, na akifika aombe kuoneshwa vitabu vya nyuma ya kaunta.