Bustani ya Mimea ya Entebbe: mashairi na utulivu kwa watoto wa miaka 4 hadi 7

Bustani hii ya mwaka 1898, kando ya Ziwa Victoria, inafaa kuliko uwanja wowote wa shule. Nendeni asubuhi, jua halijawa kali, tena upande wa msituni. Kwenye nyasi wazi watoto hukimbia tu. Watoto watano kwa mtu mzima mmoja. Waokote jani, walitazame kimya kwa dakika mbili, macho wazi, kwani kufumba huwatia wengine hofu. Kisha kila mmoja atoe mstari: “Jani lina mishipa kama mkono wa jajja” (yaani bibi au babu, kwa Kiganda). Uandikeni vilevile ulivyotamkwa. Mkidai vina, wataacha kutazama na kuanza kubahatisha maneno. Vitafunio msivitoe nje ya mkoba: tumbili wa pale hawana haya.