Banda la nyoka Bagamoyo: kijana hodari, vioo vichafu

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye banda la nyoka, nje kidogo ya mji. Nilikwenda shingo upande. Mimi na nyoka hatupatani tangu siku niliyomkuta kifutu chini ya rundo la makuti.

Kijana anayetembeza wageni nampa nyota zote tano. "Shikamoo bibi. Huyu hakutolei ulimi kwa dharau, ananusa." Kumbe ule ulimi wenye panda huokota chembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo kilichoko juu ya kaakaa! Akamtoa chatu, akatuonyesha vishimo vya mdomoni vinavyohisi joto la mnyama hata gizani. Halafu, karibu na mkia, vikucha viwili: mabaki ya miguu ya nyuma. Nina miaka 64 na sikuwahi kusikia. Nilimgusa (ndiyo, mimi!). Mkavu, laini, hana utelezi wowote.

Mjukuu alipenda zaidi gamba lililovuliwa. Nyoka hana kope za kufumba. Jicho limefunikwa na gamba angavu, nalo hutoka pamoja na ngozi, kama kioo cha saa.

Sasa lawama. Vioo vina vumbi, kifutu nilimwona nusu tu. Benchi hata moja hakuna, na saa saba mchana bati lile linachoma. Kiingilio shilingi 5,000, mtoto nusu. Nitarudi, lakini asubuhi.