Tomcat: kama huduma ya Windows au kwenye dirisha la amri?

Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java, ikigoma kuwaka kama huduma (programu ambayo Windows huiendesha yenyewe chinichini), Windows hukupa ujumbe mfupi tu na kukuacha gizani. Simamisha huduma, fungua dirisha la amri, andika catalina.bat run. Makosa yatamwagika mbele yako: pengine poti 8080, mlango ambao Tomcat hupokea maombi, imeshikwa na programu nyingine, au JAVA_HOME, mpangilio unaoonyesha Java ilipo, inaelekeza kwenye folda isiyokuwepo. Mimi huanzia hapa.

Ila ikiwaka dirishani, usishangilie bado. Dirishani inatumia akaunti yako na kusoma setenv.bat, faili la mipangilio yako ya ziada. Huduma inatumia akaunti nyingine, mara nyingi yenye ruhusa chache, na faili hilo hailigusi kabisa. Uliongeza -Xmx2g (kikomo cha kumbukumbu ya Java, GB 2) humo? Huduma haina habari. Nenda ukaiweke kupitia tomcat9w.exe (programu ya mipangilio ya huduma, kwa Tomcat 9), kwenye kichupo cha Java. Hata ile diski ya mtandao unayoiona kama Z: huduma haiioni.

Kwa kazi ya kila siku, huduma haina mpinzani: inawaka pamoja na mashine, hata kabla mtu hajaingia. Dirisha ukilifunga kwa bahati mbaya, seva nayo imekwenda. Huduma ikizima kimya, fungua folda ya logs (kumbukumbu za matukio) ya Tomcat, usome faili linaloanza na commons-daemon.