Kamera ya kichwani thieta: neva haikuonekana, na lawama nikapewa mimi

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Nilichukua kamera ya kuvaa kichwani kwa sababu moja tu. Niko mafunzoni upande wa upasuaji, na nilitaka kurekodi operesheni ya goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, hasa zile dakika chache za kuitafuta neva ya sauti. Wanaoifanya kazi hii wanaijua: uzi mweupe, mwembamba, unaopanda nyuma ya tezi kuelekea kwenye zoloto. Ukiukata, mgonjwa anaamka sauti imekauka. Mwalimu anaweza kukuchorea ubaoni mchana kutwa, lakini mpaka uione ndani ya shingo ya mtu aliye hai, bado hujaijua.

Mgonjwa alikuwa mama mmoja mpole sana. Siku moja kabla nilimweleza kwamba uso hautaonekana, jina halitatajwa, video ni ya kufundishia tu, na akikataa atatibiwa vilevile. Akasaini. "Kama itawasaidia wengine, rekodini."

Operesheni ilikwenda vizuri. Mwalimu akaelekeza ncha ya koleo: "Hii hapa. Itazame vizuri." Nikaitazama, moyo umejaa, nikijua na kamera inaitazama.

Jioni nikafungua video. Mashuka ya kijani yanaonekana mpaka mishono yake. Glavu zinaonekana. Pale katikati, penye jeraha, pana doa jeupe linalowaka kama jua la saa sita. Sauti ya mwalimu inasikika wazi kabisa, "Hii hapa, itazame vizuri," na cha kutazama hakipo. Nilirudisha nyuma sijui mara ngapi.

Nikampigia fundi wa pale nilipoichukua. Hakuomba hata kuiona video. "Dokta, kamera haina tatizo. Tatizo ni kichwa chako, hakitulii." Akakata simu.

Kichwa changu! Nimesimama saa mbili na nusu nimeinamia shingo ya mtu, halafu naambiwa hivyo na mtu ambaye hajaona hata sekunde moja ya nilichorekodi. Ilibidi nijitafutie jibu mwenyewe. Taa za upasuaji, kwa viwango vya kimataifa, hutoa kati ya lux (kipimo cha ukali wa mwanga) 40,000 na 160,000 katikati ya mwanga wake. Ofisi ya kawaida ina kama 500. Kamera hizi zina lenzi pana, na zikiachwa zijichagulie mwanga hupima picha nzima. Sehemu kubwa ya picha ni mashuka yenye giza, jeraha ni kipande kidogo tu. Kamera inaongeza mwanga ili mashuka yaonekane, na kila kilicho cheupe ndani ya jeraha kinaungua. Neva ni nyeupe. Kumbe ningezima otomatiki, nikapimia shashi nyeupe chini ya taa na kufunga kiwango hicho kabla ya kunawa mikono, kwa sababu ukishavaa glavu huigusi tena. Maelezo ya nusu dakika! Fundi hakunipa.

Najua wapo watakaosema nihamie upasuaji wa matundu madogo, ambako kamera tayari iko ndani ya mwili na kurekodi ni kubonyeza kitufe. Ni kweli, na video zile zina thamani kubwa. Katika utafiti wa Michigan uliochapishwa 2013, wapasuaji 20 wa operesheni za kupunguza uzito walitoa kila mmoja video yake, wenzao wakazipa alama bila kujua ni za nani. Robo ya chini kwa ustadi, asilimia 14.5 ya wagonjwa wao walipata matatizo. Robo ya juu, 5.2. Lakini goita kubwa bado inatolewa kwa kufungua shingo, na sisi wa jeraha la wazi tunahitaji kujiona pia.

Nilikuwa nimeshaandika kwamba kamera hii ni takataka. Nimefuta, kwa sababu mwalimu aliomba kuiona video yote. Mwanzoni, kabla taa hazijaelekezwa ndani, picha ni safi, na mkono wangu wa kushoto unaonekana ukivuta nyama kwa nguvu kupita kiasi. "Nimekwambia mara tatu," akasema, "leo umejiona." Nilijiona. Niliona pia kwamba kila aliposema neno niligeuza kichwa, na picha ikageuka nami. Kwa hiyo fundi alikuwa na robo ya ukweli. Robo nyingine ni kwamba macho yangu yalikuwa yakitazama chini kupitia miwani ya kukuza huku paji la uso likitazama mbele. Kamera lazima iinamishwe zaidi ya unavyodhani. Hilo nalo lilikuwa la kuniambia siku ananikabidhi.

Mara ya pili nilifunga mwanga, nikaiinamisha, na neva ikaonekana, nyeupe, na kimshipa kidogo cha damu kikitambaa juu yake. Nilitaka kuipa nyota nne.

Kisha yule mama akaja kliniki. Sauti yake safi. Akaniuliza kama wanafunzi wameshaiona video yake. Nikamwambia ukweli, naye akasema, "Basi mrekodi tena," halafu akaligusa kovu lake na kunyamaza. Nimerudi kwenye nyota mbili.